Hesabu ipi nichukue chuo hapa Texas: 1314, 1324, 1332 au 1342? Usajili unafungwa Jumatatu

BintiNgaramtoni
Wakuu habari zenu. Nipo Houston, nimeanza kamyuniti koleji Januari, na muhula ujao lazima nichukue somo la hesabu. Hakuna pa kukwepea, kila anayetaka digrii anadaiwa. Mfumo umenifungulia manne: 1314 aljebra, 1324 hesabu za finiti (wenyewe wanaandika za biashara na sayansi ya jamii), 1332 hesabu za kisasa, na 1342 takwimu. Yote ni krediti 3. Mimi ni mtu wa masomo ya sanaa, hesabu na mimi hatujaelewana tangu Form Two. Lipi lina unafuu? Jioni nipo kazini, kwa hiyo ningependa la mtandaoni. Mwisho wa kujisajili ni Jumatatu. Natanguliza shukrani.

MzeeWaAlief
Karibu binti. Ila umeuliza nauli bila kutaja unakwenda wapi. Tuambie: masomo ya sanaa ni fani gani hasa? Unaishia na digrii ya miaka miwili au unahamia chuo kikuu, na ni kipi? Upo kwa viza gani? Mtihani wa TSI, ule wa kupima kama uko tayari kwa masomo ya chuo, umepata ngapi? Bila hayo kila mtu hapa atakujibu kwa habari zake mwenyewe.

KijanaWaKaty
1342, funga mjadala. Takwimu ndiyo hesabu pekee utakayoitumia kazini, iwe hospitali, benki au ofisi ya serikali. Wastani, grafu, uhusiano wa vitu viwili, kupima dhana. Tena aljebra yake ni ndogo sana, kazi kubwa inafanywa na kalkuleta. Mimi nilisoma hiyo na leo ripoti za kazini nazisoma bila kumuuliza mtu.

Mama_Wawili
Dada, una kazi jioni na hesabu huipendi, kwa nini ujitese? Chukua 1332. Ndiyo iliyowekwa kwa watu wasio wa sayansi: seti, mantiki, riba kidogo, uwezekano kidogo, takwimu kidogo. Niliisoma wakati mtoto wangu wa pili ana miezi michache na nikaimaliza. Mwalimu alitufundisha kusoma makaratasi ya kodi ya mapato na ya mkopo wa nyumba. Unataka nini tena?

Hesabu_Tamu
Nafanya kazi kwenye kituo cha kusaidia wanafunzi, chuo kimoja huku Dallas. Wengi wanaokaa mezani kwangu ni wa 1314 na 1324, kwa hiyo naongea ninachokiona kila siku.

1324 inaogopwa bure. Ndani yake kuna riba na marejesho ya mkopo, milinganyo ya mstari, matriksi (namba zilizopangwa kwenye jedwali), linia programingi (kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa kuchora mistari) na uwezekano. Kuna funksheni kidogo mwanzoni, basi. Hakuna trigonometria, hakuna kalkulasi. Masomo ya namna hii yalipata umbo lake Dartmouth College miaka ya 1950. John Kemeny na wenzake waliona mwanafunzi wa saikolojia au sosholojia anasukumiwa kalkulasi, ambayo imekua pamoja na fizikia, wakati kwenye fani yake anahitaji mantiki, seti, uwezekano na matriksi. Kitabu chao kilitoka 1957. Huyo Kemeny ndiye aliyetengeneza lugha ya kompyuta ya BASIC pamoja na Thomas Kurtz mwaka 1964, na sababu ilikuwa ileile: wanafunzi wasio wa sayansi nao washike kompyuta. Kwa hiyo mtu wa sanaa asione kama ameingia chumba cha wenyewe. Somo lilitengenezwa akiwa yeye ndiye anayefikiriwa.

Naomba nioneshe kitu kimoja. Gari la dola 12,000, riba asilimia 9 kwa mwaka, miezi 48. Riba ya mwezi ni 0.0075. Ukipitisha kwenye fomula, rejesho ni dola 298.62 kwa mwezi, na hadi mwisho umelipa 14,333.76. Sasa muuzaji anakuona umekunja uso, anakwambia anakushushia hadi 216.31. Umefurahi. Alichofanya ni kuvuta miezi kutoka 48 kwenda 72, na jumla sasa ni 15,574.32. Umeongeza dola 1,240.56 juu ya gari lilelile, kwa riba ileile. Nimewaona Waswahili wenzetu wengi wakisaini karatasi hizo kwa kutazama rejesho la mwezi tu. Hiyo ni sura moja ya 1324, na mtu mzima anaielewa ndani ya wiki moja.

Kama unataka kujipima, jaribu haya mawili. Moja: tiketi 200 zimeuzwa, za wakubwa dola 8 na za watoto dola 5, zimepatikana 1,270. Wakubwa wangapi? Pili: chama kina watu 10, kamati ya watu 3 ya kuandaa sherehe inaweza kuundwa kwa njia ngapi?

KijanaWaKaty
Wakubwa 90, watoto 110. La pili 10 × 9 × 8 = 720. Hayo ni ya shule ya msingi, yasimtishe mtu.

MkongoFortWorth
Hapana ndugu. 720 ni kama unachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, maana hapo kila kiti ni tofauti. Kamati haina vyeo. Amani, Neema na Juma ni kamati moja na Juma, Amani na Neema. Watu watatu hupangika kwa namna 6, kwa hiyo 720 gawanya kwa 6, unapata 120. Hapo ndipo darasa letu lote lilikuwa linaangukia kwenye mtihani.

KijanaWaKaty
Swali halikusema kama vyeo vipo au havipo.

Hesabu_Tamu
Limesema kamati. Kwenye mtihani hawatakuandikia "bila kujali mpangilio", wanataka uione mwenyewe kwenye maneno. MkongoFortWorth yuko sahihi, 120.

Mtu_wa_Thika
Wacha niongee juu ya kitu ambacho hakuna mtu amegusa, maana kiliniuma sana. Rahisi au ngumu si swali la kwanza. Swali la kwanza ni kama hiyo hesabu itahesabika huko mbele.

Nilianza katika chuo fulani ambacho sitakitaja. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia mshauri wa masomo kwamba lengo langu ni uhasibu. Akaniprintia karatasi ya masomo, na 1332 ilikuwa ndani. Nikaisoma kwa bidii, nikapata A. Kila muhula nilikuwa naenda kwake na ile karatasi, anaweka tiki, ananiambia mambo yako sawa.

Nikahamia chuo kikuu. Ripoti ya krediti ikaja. 1332 wameikubali, ndio, krediti 3 zimeingia na sharti la hesabu la masomo ya msingi limetimia. Lakini shule ya biashara ilitaka 1324 na baada yake 1325, ambayo ni kalkulasi ya biashara. A yangu ya 1332 haikufungua mlango wowote pale. Ikabidi niketi 1324 nikiwa mwaka wa tatu, kwa bei ya chuo kikuu, na somo la fedha lililokuwa linangoja hesabu likasogea mwaka mzima. Nilirudi kwa yule mshauri na karatasi zake mkononi. Alifungua kompyuta akasema faili yangu iliandikwa "masomo ya jumla" tangu mwanzo. Nani aliandika hivyo? Mimi nilitaja uhasibu kwa mdomo wangu, mara nyingi. Hakuna aliyeomba msamaha na hakuna aliyerudisha senti.

Na hiyo 1324 yenyewe nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtandaoni, wiki nane. Sura mbili kila wiki. Unalipia mfumo wa kazi za nyumbani juu ya ada, na bila kulipa huwezi hata kufungua zoezi la kwanza. Mtihani ulikuwa na programu ya kamera. Mwenzangu wa nyumba alipita nyuma yangu kwenda jikoni, programu ikafunga mtihani wa linia programingi nikiwa nimechora mistari yote na kupata pembe, imebaki kuweka namba kwenye fomula ya faida. Niliandika barua pepe nikajibiwa baada ya siku nyingi kwamba sheria ni sheria. Nilipita, lakini kwa shida ambayo haikuwa ya hesabu hata kidogo.

Dada, usisikize mtu anakwambia 1332 ni nafuu kabla hujajua unaenda wapi.

Mama_Wawili
Pole sana kaka. Ila kosa hapo ni la mshauri, si la 1332. Ameshasema ni mtu wa sanaa, hajasema biashara.

Mtu_wa_Thika
Hata mimi ningeweza kusema sanaa wakati huo. Watu hubadilisha. 1324 inakubalika kwa mtu wa sanaa na kwa mtu wa biashara pia. 1332 inakufungia upande mmoja. Hiyo ndiyo tofauti.

JembeLaMarangu
Nyie mnamtisha binti wa watu. Seti tumesoma Form Two. Matriksi, uwezekano na linia programingi tumesoma Form Four, Basic Mathematics, wala hatukuwa na kalkuleta za dola mia. Mtu aliyetoka Arusha na cheti cha NECTA anaogopaje kozi hii? Wapo Wamarekani wanaokutana na mambo haya mara ya kwanza wakiwa na miaka 19.

Hesabu_Tamu
Kweli yapo kwenye silabasi. Lakini kuwepo kwenye silabasi na kueleweka ni vitu viwili. Mabinti wengi wanaokuja mezani kwangu kutoka nyumbani wanajua hatua za kukokotoa, na ukiwauliza kwa nini jibu la faida kubwa linapatikana kwenye pembe ya mchoro, wananyamaza. Walikariri wakiwa na hofu ya fimbo. Mtu akikosea anajikunja kabla hujasema neno. Kazi yangu ya kwanza nao ni kuwafanya wakosee bila kuogopa.

JembeLaMarangu
Fimbo hizohizo ndizo zilizotufikisha hapa. Mbona hukuacha shule?

Hesabu_Tamu
Wapo walioacha. Tulikaa nao dawati moja, na walikuwa na akili.

MzeeWaAlief
Jamani, mjadala wa fimbo una uzi wake. Mleta mada bado hajajibu maswali.

BintiNgaramtoni
Samahani wakuu, nilikuwa zamu. Asanteni wote, nimesoma kila neno.

Fani bado sijaitangaza. Nimeandikishwa digrii ya miaka miwili ya sanaa kwa jumla. Nafikiria ustawi wa jamii au ualimu wa shule ya msingi, moyo uko kwenye ualimu zaidi. Nataka kuhamia chuo kikuu, sijajua kipi. Viza ni F-1, ile ya mwanafunzi, na kazi yangu ni ya hapahapa chuoni, maktaba. TSI ya hesabu nilipata 931. Muhula ujao nimeshasajili Kiingereza mtandaoni na historia darasani, nilitaka hesabu nayo iwe ya mtandaoni.

@MkongoFortWorth nimejaribu maswali, la tiketi nimepata 90, la kamati nilipata 720 nikajua nimeweza.

MzeeWaAlief
Sasa tunaongea. Umeficha vitu vitatu vikubwa humo.

Kwanza F-1. Unatakiwa krediti 12 kwa muhula, na katika hizo 12 linahesabiwa somo moja tu la mtandaoni, krediti 3. Kiingereza kimeshachukua nafasi hiyo. Hesabu ikiwa ya mtandaoni pia, unahitaji 9 za darasani, historia ikiwa ndani yake, ukiacha hizo mbili za mtandaoni. Kabla hujabonyeza chochote nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, wala usitegemee sisi wa hapa.

Pili TSI. Kiwango ni 950. Ukiwa kati ya 910 na 949 unahesabiwa uko tayari kama sehemu ya pili ya mtihani, ile ya uchunguzi, ulipata daraja la 6. Angalia karatasi yako. Kama hukufika 6, watakuunganishia darasa la msaada linalokwenda sambamba na hesabu utakayochagua. Halikuzuii, ila linakula muda na pesa, na ratiba yako ya jioni itabadilika.

Tatu, usichukue kwa kujaribu ukijua utaacha. Chuo cha umma Texas kinakuruhusu kuacha masomo sita tu katika safari yako yote ya digrii ya kwanza. Sheria hiyo ipo tangu 2007.

Mama_Mwalimu_Plano
Nimeona neno ualimu nikaamua kujisajili nijibu. Dada, ukitaka kufundisha shule ya msingi Texas utakutana na 1350 na 1351, hesabu za walimu. Na 1350 kwa kawaida inataka uwe umepita 1314 kwanza. Kwa hiyo hapa watu wanabishana 1324 na 1332, wakati aljebra ambayo hakuna aliyeitetea ndiyo inaweza kuwa njia yako.

Na nikuambie, 1350 ni nzuri mno. Unajifunza kwa nini kukopa kwenye kutoa kunafanya kazi, kwa nini sehemu inagawanywa kwa kupindua. Mimi nilikuwa namfundisha mwanangu kwa kumfokea, nikaacha nilipopita somo lile.

KijanaWaKaty
Ustawi wa jamii na wauguzi wanataka takwimu. Narudia, 1342.

Mama_Mwalimu_Plano
Wauguzi mara nyingi ndiyo. Yeye amesema ualimu ndiko moyo uliko.

Hesabu_Tamu
Amesema "au". Na kumpeleka kila mtu kwenye aljebra ndiyo tabia ya zamani ambayo vyuo vya Texas vimekuwa vikiiacha. Dana Center ya pale UT Austin imehimiza kwa miaka kwamba hesabu ya mwanafunzi ilingane na fani yake, maana wengi walikwama kwenye aljebra ambayo fani yao haikuihitaji kabisa.

Tena takwimu bila msingi wa uwezekano ni kubonyeza vitufe. Chukua mfano huu. Ugonjwa anao mtu 1 katika 100. Kipimo kinawagundua asilimia 95 ya wagonjwa, na kinawasingizia asilimia 5 ya wazima. Wewe umepimwa, jibu limetoka unao. Uwezekano kwamba unao kweli ni ngapi? Watu husema 95. Hesabu watu 10,000: wagonjwa 100, kipimo kinawaona 95. Wazima 9,900, kinawasingizia 495. Walioambiwa wanao ni 590, wenye ugonjwa kweli ni 95. Hiyo ni kama asilimia 16. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayekaa na familia iliyopewa jibu kama hilo anapaswa kuijua hesabu hii kabla ya kufungua mdomo.

KijanaWaKaty
Hata 1342 ina uwezekano.

Hesabu_Tamu
Inao. Inategemea mwalimu atakaa hapo wiki ngapi.

MkongoFortWorth
Kuna njia ambayo hamjataja. Mtihani wa CLEP wa hesabu za chuo, ukipita unapewa krediti bila kukaa darasani. Maswali kama 60, dakika 90, alama zinakwenda 20 mpaka 80, na vyuo vingi wanakubali 50. Ndani kuna seti, mantiki, kuhesabu, uwezekano, riba, vilevile vitu. Shirika la Modern States wanatoa masomo ya matayarisho bure na wanaweza kukulipia mtihani. Mimi nilipita hivyo, muhula mzima nikaokoa.

MzeeWaAlief
Kwa mwenye makaratasi ya kudumu sawa. Kwa F-1 krediti za CLEP hazimsaidii kutimiza zile 12 za muhula. Na aulize chuo anachohamia kinaipokea kama somo gani, isije ikawa kama ya Mtu_wa_Thika.

Mtu_wa_Thika
Hapo Mzee umesema kweli. Apate jibu kwa maandishi, na jina la fani likiwa ndani ya hiyo barua pepe. Si kwa mdomo.

BintiNgaramtoni
Mmenifungua macho. Ile ya kipimo nimeirudia mara kadhaa, nimemwonesha na mwenzangu wa chumba, kumbe inaeleweka. Nimeangalia karatasi ya TSI, sehemu ya uchunguzi imeandikwa 5.

Kwa hiyo darasa la msaada lipo. Nimepata miadi na mshauri Ijumaa asubuhi, na ofisi ya kimataifa mchana. Nikiambiwa 1350 inakubali 1324 nitachukua 1324 ya darasani, Jumanne na Alhamisi asubuhi bado ina nafasi. Wakisema lazima 1314 basi sijui, nafikiria hata kusogeza hesabu hadi kiangazi.

Hesabu_Tamu
Kiangazi usithubutu kwa mara ya kwanza. Wiki 5, kila siku darasa. Wiki 16 za kawaida ndizo zako.

Mama_Wawili
Mimi nilifanya kiangazi na ilikuwa sawa tu, kichwa kinakuwa kwenye kitu kimoja.

Mama_Mwalimu_Plano
Inategemea kama ana kazi. Maktaba kiangazi wanaongeza saa.

Mzawa_wa_Tanga
Samahani kuingilia. Mimi niko Columbus, Ohio. Hizi namba za 1324 na 1332 ni zilezile huku?

MzeeWaAlief
Hapana, ni za vyuo vya Texas. Tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo, ya pili ni krediti, ndiyo maana zote zina 3 pale. Kila jimbo lina utaratibu wake. Indiana University wao finiti yao ni M118, na wanafunzi wa biashara pale wanaijua vizuri. Kwa Ohio angalia mwongozo wa chuo chako.

KijanaWaKaty
Binti, ukichukua yoyote kati ya 1324 na 1342 utahitaji kalkuleta ya grafu, TI-84. Usinunue mpya dukani. Vyuo vingi maktaba zinaazimisha kwa muhula, na wewe unafanya kazi humohumo.

JembeLaMarangu
Kalkuleta ndiyo inawaharibu. Rejesho la mkopo lile hata kwa karatasi linatoka.

Hesabu_Tamu
Kupandisha 1.0075 kwa kipeo cha 48 kwa karatasi? Jaribu utuambie.

Mama_Wawili
Mimi nina TI-84 nimeimaliza kuitumia, ipo na chaji yake. Anayeitaka aje PM, nipo Sugar Land.

Mzawa_wa_Tanga
Unaweza kutuma Ohio?